Kwa Nini Kalvia Hakulia

Ilomba, Mbeya
Jumanne jioni

Mama yangu,

Kamwene, mama. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini na wewe umeamka vizuri, miguu haijavimba, na kile kidonge cheupe cha presha unakimeza kila asubuhi, hata siku ambayo unajisikia huna tatizo. Najua unavyokiruka. Mpunga umeshaingia ndani wote, au tembo wamewahi lile jaruba la chini? Na Nuru ameacha kunyonya kidole? Huku baridi imeanza. Ukifungua mlango asubuhi mvuke unakutoka mdomoni, na blanketi la pili nililonunua linanuka mafuta ya taa tangu siku ya kwanza, nimelifua mara tatu na bado linanuka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako, mama, haina siri. Ikilia anaipokea wifi kwa sababu ndiye anayekuchajia, anaiweka spika ili usikie vizuri, na kila aliyekaa kibarazani anasikia pamoja na wewe. Haya ninayotaka kusema hayafai kupita kwenye spika. Barua nampa konda wa basi la asubuhi amfikishie shangazi pale Mlandege, naye atashuka nayo Idodi Alhamisi. Nimeifunga kwa gundi. Isome mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa, na dawa umeshakunywa.

Nianze na hawa watu wa Roma, maana ndio walionifikisha hapa.

Nilikwambia nafanya kazi ya kompyuta, na sikudanganya, ila sikumaliza. Bosi wangu wanamwita Kipaza, na sijui kama mke wake anamwita jina lingine. Anachukua tamthilia za nje na kuziwekea Kiswahili juu, halafu zinakwenda kwenye flashi mpaka kwenye vibanda vya video huko kwenu. Mimi natazama kabla yake. Nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, naandika kwenye daftari kubwa kwamba huyu kasema hivi, yule kajibu vile, na pembeni kwa kalamu nyekundu naandika sababu. Sababu ndiyo biashara yenyewe. Kipaza anasema mtu aliyelima kutwa hakuja kibandani kukisia. Anataka aambiwe steling ni nani, adui ni nani, na adui anatafuta nini. Mzungu kwenye picha anaweza kukaa dakika nzima anaangalia ukuta, na Kipaza hana uwezo wa kunyamaza dakika nzima, kwa hiyo anaingiza, hapa anapanga kumuua kaka yake ili achukue cheo. Huenda yule mtu jino lilikuwa linamuuma tu.

Miezi saba sasa niko na Waroma, na nimewakinai. Wanakula wamelala ubavu kama wagonjwa, mafuta yanawatiririka kidevuni, halafu wanafutia vidole kwenye nywele za mtumwa. Kijana anabusu mkono wa mama yake, anatoka nje, hajafika getini ameshaagiza watu wamfuate mama yule yule. Baba anamwoza binti kwa adui yake Jumatatu na Ijumaa anamwachisha, eti sheria fulani imepita. Nimewaandikia sababu kurasa kwa kurasa, na ukizikamua zote unapata mbili, uchu wa kiti na woga wa kukikosa. Ubaya wake ni kwamba inaambukiza. Juzi jirani yangu kaniletea mkungu wa ndizi, na badala ya kushukuru nikajikuta namwangalia usoni namtafutia sababu. Niliona aibu, ndizi zenyewe nikazila kwa shida.

Kipaza mwenyewe sikufichi, ananitia kinyaa. Ana sauti nzuri, babu yake alitoka pwani na Kiswahili chake kimenyooka, ukimsikia redioni ungedhani ni mtu msafi. Lakini anatafuna karanga akirekodi. Maganda yanarukia kipaza sauti, mate yanafuata, na baada ya yeye ni zamu yangu kuweka mdomo pale pale. Kwa sababu tangu mwaka jana sauti za wanawake nafanya mimi. Vibanda vilipenda, wanasema mwanaume kuigiza sauti ya mwanamke kumepitwa na wakati. Ndiyo hiyo sauti mliyoisikia huko.

Sasa katika tamthilia hii kuna mwanamke anaitwa Kalvia. Mume wake ni kamanda, Septimo, mtu mwema kwa kadiri Mroma anavyoweza kuwa mwema. Septimo anashikwa na homa siku chache na anafia kitandani. Kalvia anamfumba macho, ananawa mikono, anatoka sebuleni, anaagiza chakula na anakula na wageni. Halii. Siku tatu nzima halii. Kamera inamsogelea mpaka unaona vinyweleo vya shavuni, na shavu ni kavu. Maandishi ya chini hayasemi kitu. Walioitengeneza waliamua kutuacha tujiulize.

Nikaandika kwa nyekundu kwamba haijulikani kwa nini halii. Kipaza akasoma, akanisukumia daftari. Alisema "haijulikani" haiuziki, watu watapiga miluzi mpaka mwenye kibanda arudishe kiingilio. Yeye anakwenda kuswali, akirudi aikute sababu.

Nikabaki na kalamu. Sababu niliyoipata naiandika hapa kama nilivyoisema siku ile, kwa sauti ya Kalvia: "Sikulia kwa sababu nilijua siku atakayokufa. Nilikuwa nampikia mwenyewe."

Kipaza aliporudi akaisoma, akacheka kwa furaha akajipiga paja. Akasema hiyo sasa ndiyo sababu. Tukarekodi mara moja tu, haikuhitaji kurudiwa.

Halafu ikaja sehemu ya kumi na moja. Kalvia anajifungia kwenye chumba cha nguo, anauma joho la mume wake, na mwili mzima unamtetemeka. Anamwambia mlezi wake wa zamani kwamba maadui wangejua Septimo amekufa, wangemfuata mtoto wake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo alikula nyama na kucheka na wageni siku tatu, mpaka mtoto akatolewa nje ya mji katikati ya magunia ya ngano. Ndipo akapata nafasi ya kulia. Hapakuwa na sumu, mama. Hapakuwa na sufuria yoyote. Mwanamke alikuwa amejikaza kwa ajili ya mtu mwingine.

Nilimkimbilia Kipaza na daftari mkononi. Nikamwambia tumemsingizia, turekebishe. Flashi za mwanzo zilikuwa zimeshafika Makambako, Iringa na kote huko, na yeye hakuacha hata kutafuna.

"Watu wameshamchukia, Aneth," alisema. "Ukimgeuza leo watasema tumewala hela."

Kwa hiyo ndani ya kile chumba cha nguo tukamfanya analia kwa kuogopa kukamatwa. Tulisema walinzi wameiona sufuria. Kilio nilikifanya mimi, na nilikifanya vizuri. Jioni ile nilipiga mswaki mara mbili, na bado mdomo ulikuwa na ladha ya karanga ambazo sikuzila mimi.

Ningekuwa nimeshasahau, kama unavyosahau upuuzi wa kazini. Lakini Jumapili alikuja baba mdogo. Alifuata spea ya pawatila mjini, akapita kunisalimia. Nilimpikia ugali na maharage, akala vizuri, akanawa, akajinyoosha kwenye kiti.

"Mama yako anasema amekusikia," akaniambia.

Nilidhani ni sifa. Akanisimulia ulivyokwenda kibandani, wewe ambaye hujawahi kuingia mahali pale, umevaa kitenge cha kanisani, ukakaa benchi la mbele, na nilipotamka neno la kwanza ukasema kwa sauti, huyo ni wangu. Mama, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilifurahi sana kwa muda wa dakika moja hivi.

"Yale ya Kalvia," baba mdogo akaendelea. "Mama yako ametuambia, mtoto wangu hawezi kusema kwenye simu, simu anaishika yule Mnyakyusa, mjane wa Yohana. Basi kasema kwa njia aliyonayo. Sisi tumekuelewa bwana."

Akaeleza mengine bila haraka, kama mtu anayesimulia mambo ya shamba. Kwamba tangu siku ile huli chakula cha wifi, unajipikia uji wako kwenye mafiga matatu nyuma ya ghala. Kwamba wazee wamekubaliana, kikao ni Jumamosi, na wifi atarudishwa kwao Tukuyu na nguo zake. Nikamwuliza kuhusu Nuru. Akasema mtoto ni wa ukoo, anabaki.

Nilimwambia ukweli, mama, sehemu ya ukweli. Nilimwambia yale maneno niliyatunga mimi, kwenye picha yenyewe hayamo, yule mwanamke hakumlisha mtu sumu. Nilimwonyesha mpaka daftari. Aliniangalia kwa huruma, unavyomwangalia mtoto anayeogopa kumtaja aliyempiga.

"Kama uliyatunga, basi Mungu ndiye aliyekupa," alisema. "Wewe hukujua unasema nini, mwanangu. Sisi tumejua."

Nikarudia tena. Akaomba kijiti cha meno. Kulikuwa na jambo lingine la kumwambia, kubwa kuliko hilo la picha, na sikulisema. Nikambebea spea yake mpaka stendi, nikampungia mkono. Unaona mwenyewe nilivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kaa vizuri.

Yale maneno ya Kalvia sikuyatoa kichwani. Niliyasikia jikoni kwako, siku ya tatu ya msiba wa kaka Yohana. Wanawake watatu walikuwa wanachambua mchele, sitawataja, wote umewalea au wamekulea. Mmoja akasema, halii kwa sababu alijua. Mwingine akasema, si ndiye aliyekuwa anampikia. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Neno langu moja lingewanyamazisha. Nikaweka ndoo chini, nikatoka. Miezi miwili baadaye Kipaza alipotaka sababu kabla hajarudi kutoka msikitini, ile iliyokuwa karibu ndiyo niliyoishika. Ndiyo maana wewe ulipoisikia uliitambua. Ulikuwa umeshaisikia jikoni kwako, sasa ikarudi kwa sauti ya mwanao. Sikulaumu hata kidogo kwa kuamini.

Wewe mwenyewe uliona. Tangu mchana wa siku ile mwili uliposhushwa kutoka Iringa mpaka tunarudi makaburini, wifi hakutoa chozi. Aliteka maji, alitandika mikeka, aliwapakulia watu ambao walikuwa wanamsema, na uso wake ulikuwa mkavu. Ukoo mzima ukajiuliza kwa nini. Mimi sikuhitaji kujiuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza.

Nilipofika siku ile ulikuwa umeshaanguka mara mbili. Yule mganga wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia presha yako imepanda pabaya, ukianguka tena huenda usiamke, na kwamba kelele za msiba zikupungukie. Na wifi alikuwa analia kama wanavyolia kwao, kwa sauti yote, anajitupa chini, nilimsikia tangu barabarani. Nikamshika mikono nikampeleka nyuma ya ghala. Nikamwambia, "Ukilia hivi utatuulia mama. Kaka ameshakwenda, usituondolee na mama."

Nilimwambia hivyo mwanamke ambaye mume wake alikuwa ndani kwenye sanduku, hajamaliza hata saa tatu tangu ashushwe. Mama, yeye alikuwa amelala chini hospitalini majuma matano, kwenye sakafu, chini ya kitanda cha kaka. Alimpikia uji usio na chumvi kwa sababu daktari aliagiza hivyo, kwa ajili ya ini. Huko ndiko kumpikia kulikokuwapo. Mimi niliyemwamuru anyamaze nilikuwa nimeteremka kwenye basi asubuhi ile.

Hakubishana. Alijifuta uso kwa pindo la khanga, akapumua, akaniuliza, "Hadi lini, wifi?"

Nikamjibu, "Nitakuambia."

Siku ya nne nikapanda basi nikarudi Mbeya, na sikumwambia. Sikumwambia kwenye simu hata mara moja, na nimezungumza naye kila Jumapili, ananipa habari zako, kuku wametaga mangapi, miguu yako inaendeleaje. Hajaniuliza tena. Sidhani kama amelia mpaka leo. Na maneno ya jikoni lazima aliyasikia, ukuta ule ni wa tofali moja. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja, kwamba dada wa marehemu alimkataza kwa ajili ya mama. Hakuisema, kwa sababu ukiisikia ungejua tulikuficha jinsi ulivyokuwa karibu kufa. Amekaa na aibu hiyo kwa ajili yako, na wewe unajipikia uji kwenye mawe usile mkono wake.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza pale mlangoni. Nimejiuliza kwa siku mbili, na kazi yangu si ndiyo hii, kuandika sababu za watu. Sababu ya kwanza niliyojipa ilikuwa nzuri, kwamba nilikuwa naulinda moyo wako. Hiyo ningempa Kipaza, ni ya steling. Lakini si kweli. Kabla wale wanawake hawajamfikia wifi walikuwa wanamsema mtu mwingine. Walikuwa wanasema, na huyu dada yake alikuwa wapi miezi yote mitano, ndugu anaoza ini yeye yuko mjini. Nilisimama na ndoo yangu nikisikia jina langu. Halafu wakahama, wakaenda kwa wifi, na mimi nikapumua. Ndiyo hiyo, mama. Nilipumua, na sikutaka warudi kwangu.

Kwa sababu kweli sikuja. Kaka alipougua nilisema kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye chumba cha giza natazama Waroma wakichomana visu. Kulikuwa na mabasi kila siku, na Kipaza angeniruhusu, sikumwomba. Niliogopa kumwona kaka amekonda. Nilijiambia nitakuja akipata nafuu kidogo, nimkute anaweza kukaa. Kwa hiyo ninapokwambia wale watu wa picha wananichefua, ujue nimepata wa kunichefua kuliko wao. Wao angalau waliua kwa ajili ya ufalme. Mimi nilimwacha wifi yangu aitwe muuaji kwa sababu niliogopa kusemwa na wanawake watatu wanaochambua mchele.

Najua barua hii inakupandisha mapigo. Simama kusoma, unywe maji, halafu uendelee, haijabaki ndefu.

Kaka alikufa kwa ini. Karatasi za hospitali ziko kwenye ule mkoba wake mweusi aliokuwa anaendea kwaya, mpe mwalimu yeyote akusomee, au mpe mchungaji. Hakuna aliyemlisha kitu. Hilo la kwanza.

La pili, nakuja. Napanda basi Ijumaa alfajiri, jioni niko Idodi, na Jumamosi nitasimama kwenye kikao niseme yote haya kwa mdomo, na jikoni niliyoyasikia, na nyuma ya ghala niliyoyafanya. Nimemwambia Kipaza. Amesema nikiondoka katikati ya sizoni nisirudi, kuna msichana wa Mwanjelwa ana sauti nyembamba na anaitaka nafasi. Nimemwambia ampe, na kalamu nyekundu pia ampe. Sijui nitafanya nini baadaye. Nikibaki huko nyumbani nitavuna, nikirudi huku nitatafuta kingine.

Nimekuandikia kabla sijafika kwa sababu sitaki uyasikie haya mara ya kwanza mbele za wazee. Nilishakuficha mara moja kwa kuogopa moyo wako, na matokeo yake umeyaona. Wewe umezika mume, umezika na mtoto, hukuwa na haja ya kulindwa kwa uongo na mimi. Ile nyumba ni yako. Baba mdogo anaweza kuitisha kikao, lakini hakuna wa kumtoa mtu kwenye nyumba yako ukisema hapana. Sema hapana hata kama mimi basi langu litaharibikia Makambako na Jumamosi ikapita sijafika. Usimtenganishe na Nuru. Nakuomba hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukuomba, na ukinikasirikia maisha yako yote nitakubali, ila hilo ulifanye.

La tatu ni la Alhamisi hiyo hiyo, ukishaikunja karatasi hii. Usingoje kikao. Yazime yale mafiga yako ya nyuma, uingie jikoni, ukae, na ule alichopika.

Salamu zimfikie shangazi aliyekuletea barua, najua atakuwa amekaa hapo pembeni anajifanya hatazami. Mwambie namshukuru, na alale Idodi mpaka nifike, nitamhitaji kikaoni. Baba mdogo mpe heshima zangu, mwambie ile spea akiifunga aangalie isilegee, na Jumamosi anitafutie kiti, nitazungumza nikiwa nimekaa au nimesimama, kwa jinsi wazee watakavyotaka, lakini nitazungumza. Mwenye kibanda cha video mwambie sehemu zilizobaki za Roma asizionyeshe, akikataa basi wewe usiende. Mchungaji na mama mchungaji wasalimie, waambie waniombee bila kuuliza ni kwa lipi. Nuru mwambie shangazi yake anamletea soksi.

Wifi yangu Tupokigwe usimpe salamu, sistahili kumtumia salamu kwa mdomo wa mtu. Mpe neno moja tu, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Mwambie, Aneth anasema sasa. Ataelewa. Na akianza, mama, usimnyamazishe.

Ni mimi binti yako, niliyemkataza,

Aneth